Bukumbi: Huruma Iliyogeuka Sifa



Katika Misa ya Dominika, kabla ya kuimba Utukufu, Kanisa hututaka tukiri dhambi zetu na kuomba huruma. Sifa huzaliwa na huruma iliyopokelewa. Katika Injili ya Luka, mkoma mmoja kati ya kumi alirudi kumshukuru Bwana. Katika Mathayo 18, mtumishi aliyefutiwa deni kubwa alitoka akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Wote wawili walihurumiwa, lakini ni mmoja tu aliyemtukuza Mungu. Basi, aliyesamehewa amsifuje Mungu? Sisi wa Kolandoto hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu, kwani sehemu yake iko hapa Usukumani.

Misioni ya Bukumbi, iliyo leo katika wilaya ya Misungwi, ilianzishwa mwaka 1883 na Wamisionari wa Afrika waliokuwa wameondoka Buganda mwaka uliotangulia. Huko Buganda, Kabaka Mwanga alianza kutawala mwaka 1884, na muda si mrefu akawageukia Wakristo. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Mapokeo yanasimulia kwamba, kabla ya kufa, alimtumia Kabaka ujumbe wa msamaha, akimsihi atubu. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, wakafa wakisali.

Mwaka 1888 upepo uligeuka. Wakristo na Waislamu waliungana wakamng'oa Mwanga katika kiti chake. Majuma machache baadaye Wakristo nao walifukuzwa, na Askofu Livinhac na Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, wakavuka Ziwa hadi Bukumbi. Mwanga alikuwa amekimbilia Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu. Huko hakupata raha, akaomba hifadhi kwa wamisionari.

Tutafakari hapo, wapendwa. Aliyebisha hodi ndiye aliyewaua wanafunzi wao, vijana ambao mapadre hao walikuwa wamewafundisha sala. Hata hivyo mlango wa Bukumbi ulifunguliwa, naye akapewa mahali pa kukaa. Mwaka 1889 Wakristo wa Buganda walimpigania, na mwaka 1890 akawa amerudi katika kiti chake.

Wanahistoria wanatukumbusha kwamba Wakristo nao walimhitaji mfalme ili warudi kwao. Ni kweli. Tena, msamaha ule haukumgeuza Mwanga mara moja kuwa mtu mpya, wala haukuzuia vita kati ya Wakatoliki na Waprotestanti mwaka 1892. Mwanga alifariki uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa katika Kanisa la Anglikana. Lakini huruma haipimwi kwa faida iliyoleta. Mungu naye alituhurumia tungali wakosefu, bila kungoja tustahili.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu. Tunapowaimbia kila tarehe 3 Juni, tuikumbuke pia Bukumbi: Namugongo walimsifu Mungu motoni, na Bukumbi alisifiwa kwa mlango uliofunguliwa.

Sisi nasi tuna majeraha yetu. Usukuma umezika akina mama wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na zipo koo ambazo hazijasalimiana tangu mazishi hayo. Kusamehe si kuficha uovu: mwuaji lazima ajibu mbele ya sheria, na mwenye kosa lazima atubu. Lakini mtoto wa mwuaji hana deni nasi, na jirani aliyekuja kuomba radhi asirudishwe mlangoni. Tukimnyima salamu, kisha Dominika tukapaza sauti kuimba Utukufu, tutakuwa kama mtumishi yule wa Mathayo.

Juma hili, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye mlango wake umemfungia, aufungue. Huo utakuwa wimbo wetu wa sifa kwa Mungu aliyetutangulia kutusamehe.

Amina.