Kipimo cha Fedha za Elimu Meru na Embu

Fedha za elimu ni jasho la mlipa kodi, naye ana haki ya kuuliza zimezaa nini.

Mabaraza ya Wenyeji, yaliyowekwa kufuatia sheria ya mwaka 1924, yaliwatoza watu wetu fedha kwa ajili ya shule. Kipimo kikawa idadi ya madarasa na majina daftarini. Mwaka 1949 Halmashauri ya Beecher ilipendekeza masomo ya miaka minne-minne, na mtihani wa darasa la nne ukawa mlango mwembamba. Matokeo yaliwataja waliopita. Juu ya waliorudi shambani hayakusema neno.

Mwaka 2003 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Nchini kote wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2004. Tulifurahi, lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Kuhesabu walioingia hakutuambii walichojifunza. Ndipo Uwezo, ulioanza mwaka 2009, ulipotuma watu nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, hata wasiokwenda shule.

Kwa hiyo twawaomba wazee walio katika kamati za shule waulize mambo matatu kila mwaka: wangapi wameingia, wangapi wamemaliza, na je, mtoto wa darasa la tatu aweza kumsomea nyanya yake barua? Majibu yasomwe mbele ya wazazi wote.