Lubumbashi: Wasioandikwa vitabuni nao wana historia

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla Elisabethville haijaitwa Lubumbashi, chama cha maboi wa zamani kilitoa historia ya mji huu. Hao ni wazee waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Aliyeandika ni André Yav, na aliandika kwa Kiswahili cha hapa hapa. Andiko hilo linajulikana kwa jina la Vocabulaire.

Maneno yaliandikwa jinsi yalivyosikika mdomoni. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alipotaka kulielewa, ilibidi Kalundi Mango alisome kwa sauti. Ndipo maana ikatokea. Lilichapishwa upya mwaka 1990, na leo hakuna anayesoma historia ya mji huu akaliruka.

Kazi hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2000 ulianza mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wakaaji walileta picha, vyombo vya nyumbani na masimulizi ya maisha yao. Mji ukakubali kwamba mdomo wa mama wa komini nao ni hazina.

Lakini wako wakaaji ambao masimulizi yao ni vigumu kusikika hadharani: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wale wanaoishi kwa jinsia isiyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti tu. Nyumbani kuna haya, kanisani kuna lawama, na anayejulikana anaweza kupoteza kazi au chumba anachopanga.

Familia zilizokimbia vita huko Mitwaba na Pweto zinajua uzito wa jambo hili. Nyumba ikiungua, vyeti na picha vinakwenda nayo. Kinachobaki ni bibi anayesimulia jioni: tulitoka wapi, nani alizaliwa wapi, nani tulimzika njiani. Lakini aliyefukuzwa na ndugu zake amekatwa na bibi huyo pia. Hana wa kumrithisha masimulizi yake. Akifa, au akihama, marafiki wawili watatu ndio wanaokumbuka, na baada yao hakuna.

Kwingine watu wameanza kuziba pengo hilo. Johannesburg ina hifadhi ya GALA tangu mwaka 1997, inayotunza barua, picha na sauti za watu kama hao. Nairobi, kundi la The Nest lilikusanya masimulizi ya watu zaidi ya 200 kutoka pande nyingi za Kenya. Kutokana nayo ilitengenezwa filamu ya Stories of Our Lives, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2014. Mwaka huo huo serikali ya Kenya iliipiga marufuku, lakini masimulizi yalikuwa yamekwisha kutunzwa, na mwaka 2015 yakatoka katika kitabu.

Kazi ya namna hiyo inahitaji uangalifu kuliko pesa. Msimulizi achague mwenyewe jina la kutumia, na aseme nani asikie na lini. Akibadili mawazo, arudishiwe sauti yake. Mtaa, kazi na majina ya ndugu yafichwe, maana simu ikiibwa, siri za watu wengi zinaibwa nayo. Nakala ya pili itunzwe mbali na ya kwanza.

Maboi wa 1965 hawakungoja mabwana zao wawaandikie. Walikaa pamoja, wakakumbuka, mmoja akaandika. Masimulizi yasiyosikika leo yanahitaji hicho hicho: mtu wa kuaminika, sikio lisilohukumu, na mahali salama pa kuyaweka kabla wenyewe hawajaondoka.