Pua na Usingizi

Zamani nilipokuwa nikisoma upande huu wa Kwale, katika bweni letu alikuwako kijana mmoja wa Msambweni, mwenye umri wa miaka 12, ambaye hapana aliyependa kulala karibu naye. Alikoroma usiku kucha. Kisha hunyamaza ghafula kama mtu aliyezama majini, na baada ya kitambo huzinduka akitweta. Mchana alisinzia darasani, mdomo wazi. Waalimu walimwita mvivu, nasi tulimcheka, na fimbo alizopigwa hazina hesabu. Likizoni nyanya yake alimfukiza kwa majani ya kivumbasi na kumnusisha habasoda iliyofungwa kitambaani. Dawa hizo humpa nafuu mwenye mafua, lakini yeye hakuwa na mafua.

Taabu ya pua kuziba ni ya kale. Wayunani wa zama za Hippocrates waliondoa vinyama vya puani kwa kipande cha sifongo kilichofungwa uzi na kuvutwa. Baadaye Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mashuhuri wa Cordoba aliyefariki yapata mwaka 1013, alieleza namna ya kuvikamata kwa kulabu na kuvikata. Msomaji na ashukuru kwamba hakuzaliwa siku zile, maana dawa ya ganzi haikuwako.

Mwaka 1868 daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, alitangaza jambo ambalo wengi hawakulitambua. Alimpitishia mgonjwa kidole nyuma ya kaakaa, akagusa nyama laini iliyoziba njia ya pumzi pale pua inapokutana na koo. Ilikuwa tezi iliyovimba. Akatengeneza kisu kidogo cha mviringo cha kuikwangua. Mwaka 1889 William Hill, daktari Mwingereza, aliandika kwamba baadhi ya watoto waitwao wajinga shuleni wamezibwa pua tu. Natamani waalimu wetu wangaliyasoma maandishi hayo! Kisha Freer wa Chicago mwaka 1902, na Killian wa Ujerumani mwaka 1904, wakaonyesha jinsi ya kunyosha ukuta uliopinda kati ya mianzi miwili ya pua bila kuharibu ngozi yake ya ndani.

Lakini usingizi huibwaje? Jibu lilikawia hata mwaka 1965, madaktari wa Ufaransa na wa Ujerumani walipopima pumzi za watu waliolala, wakaona zikikatika mara kwa mara. Pua ikizibana, mlalaji huvuta hewa kwa nguvu. Mdomo hufunguka, ulimi ukarudi nyuma, na koo lililolegea kwa usingizi hunyonywa likajifunga. Hapo ubongo humshtua apate kupumua. Huenda akashtuka hivyo mara nyingi katika saa moja, na asubuhi asikumbuke hata moja. Ajua tu kwamba amechoka.

Kisu nacho kina mipaka yake. Mtu mzima aliyenyoshwa ukuta wa pua mara nyingi husema analala vizuri zaidi, ila mkatiko wa pumzi huenda ukabaki, kwa kuwa kizuizi kikubwa kiko kooni. Kwa watoto habari ni njema zaidi. Huko Marekani walichunguzwa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Baada ya miezi saba, pumzi za usiku zilikuwa sawa kwa watoto 79 katika kila 100 waliokatwa tezi na mafindofindo, na kwa 46 katika kila 100 waliongojea. Tabia na usingizi wa waliokatwa vilitengenea. Lakini katika mtihani wa kupima usikivu hawakuwapita wenzao kwa kiasi cha kutajika.

Kijana wetu alivushwa Likoni akapasuliwa Mombasa. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa kumi na moja, naye hakusinzia tena. Usiku wa kwanza aliporudi, bweni lilikuwa kimya mno hata mmoja wetu akaamka, akachukua taa, akaenda kutazama kama yu hai.