Kibera na Kawangware: Mitaa miwili, historia mbili za ardhi

WATU wengi huitaja mitaa ya Kibera na Kawangware kana kwamba ni pacha. Yote miwili iko upande wa magharibi wa Nairobi, ina vyumba vya mabati vilivyosongamana, na huwapa makao vibarua, wachuuzi na mafundi wanaolihudumia jiji. Hata hivyo, asili ya ardhi yake ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo huamua ni nani anayeweza kumfurusha nani.

Mahali ilipo

Kibera iko takriban kilomita tano kusini magharibi mwa katikati ya jiji. Upande wa kusini unapita Mto Ngong, unaoingia katika Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka wa 1953. Bwawa hilo, ambapo zamani watu waliendesha mashua kwa burudani, lilikuja kuzongwa na matope, taka na magugu maji. Reli ya kuelekea Kisumu hukata katikati ya makazi. Miongoni mwa vijiji vyake ni Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Laini Saba, Silanga, Makina na Soweto.

Kawangware iko mbali zaidi magharibi, ikipakana na Lavington, mtaa wa wenye nacho. Iko katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini. Kibera nayo iko katika eneo bunge la Kibra, lililomegwa kutoka Lang'ata na kupata mbunge wake wa kwanza katika uchaguzi wa 2013.

Msitu wa askari

Jina Kibera latokana na neno la Kinubi 'kibra', yaani msitu. Wanubi, wenye asili ya Sudan, walikuwa askari katika kikosi cha King's African Rifles. Mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ilitenga rasmi ekari 4,197 kwa ajili yao na jamaa zao, lakini haikuwapa hatimiliki. Askari aliruhusiwa kujenga na kulima, ila ardhi ilibaki mikononi mwa serikali.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, mambo hayakubadilika. Sehemu za ardhi hiyo zilijengwa mitaa ya kisasa, nazo zilizosalia zikajaa wahamiaji kutoka mashambani. Hadi leo wakazi wengi ni wapangaji wanaomlipa kodi mwenye nyumba, ambaye naye hana cheti cha kiwanja.

Shamba lililogeuka mtaa

Kawangware haikuwa msitu wa serikali. Ilikuwa mashamba ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, na Dagoretti ilijumuishwa katika mipaka ya Nairobi mwaka wa 1963. Wenye mashamba walikuwa na hatimiliki. Jiji lilipowafikia, waligundua kwamba safu ya vyumba vya kukodisha huleta faida kuliko mahindi.

Idadi ya watu

Kwa miaka mingi ilidaiwa kuwa Kibera ina watu hadi milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Ile ya 2019 ilipata 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra.

Nani mwenye haki?

Mwaka wa 2009 serikali ilianza kuwahamisha wakazi wa Soweto Mashariki hadi nyumba za muda Lang'ata, na mwaka wa 2016 nyumba 822 za ghorofa zilikabidhiwa. Juni 2017, Wanubi walipewa hatimiliki ya ekari 288, ambayo haifiki hata sehemu moja kwa kumi ya eneo lililotengwa mwaka wa 1918. Julai 2018, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata.

Kwa mwenye ploti Kawangware, serikali ikitaka ardhi yake lazima imlipe fidia. Lakini mpangaji wake hana kinga hiyo: mwenye ploti akiamua kujenga ghorofa, hutakiwa kufunga virago. Kibera mpangaji huihofia serikali. Kawangware humhofia mwenye ploti. Hapo ndipo mitaa hii miwili hukutana: anayelala katika chumba si mwenye ardhi kilipojengwa.