Muvi ya Kutisha Iliyoponzwa na Titanic

Zikitajwa muvi za kutisha za angani, watu wanakimbilia Alien na stori inaishia hapo. Event Horizon ya mwaka 1997 inakumbukwa na yule mdau mmoja kwenye grupu ambaye kila mwaka anawaambia wenzake waitafute. Asikilizwe.

Mwaka ni 2047. Chombo cha anga kilichopotea miaka saba nyuma kinaibuka karibu na sayari ya Neptuni, kimya kabisa. Waokoaji wanatumwa wakakicheki, pamoja na mwanasayansi aliyekibuni. Injini yake haishindani kwa spidi, inakunja anga kama karatasi ili mwanzo wa safari uguse mwisho. Kumbe huko katikati kilikopita ni kubaya kuliko jehanamu. Humu hakuna dubwana la kukimbizana nalo. Chombo chenyewe kinajua donda la kila mtu: mama anamwona mwanawe aliyemwacha nyumbani, kapteni anamwona kijana wa kikosi chake aliyemwacha motoni.

Kapteni huyo ni mtu mweusi, na akishaona video ya waliotangulia hajifanyi shujaa. Anaamuru waondoke hapo hapo. Akili kama hiyo kwenye muvi za kutisha ni adimu!

Hata umbo la chombo lina mambo. Wabunifu walichukua kanisa kuu la Notre Dame la Paris, wakalikatakata kwenye kompyuta, wakakiunda chombo kwa vipande vyake. Ukitazama vizuri, minara unaiona imelala.

Sasa ilibumaje? Studio ya Paramount ilikuwa inaisubiri Titanic itoke katikati ya 1997. Titanic ikachelewa hadi Desemba, likabaki pengo, na Event Horizon ikasukumwa iingie sokoni Agosti. Kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, alipewa kama wiki nne tu za kuhariri. Toleo la kwanza, la dakika 130 hivi, lilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio likiwa bado bichi. Watu wakachefukwa, mabosi nao wakashtuka, panga likapita. Zikabaki dakika 95 hivi. Wahakiki waliiponda, na wakati ilikula takriban dola milioni 60, kumbi za Marekani hazikurudisha hata milioni 27.

Ikaja kufufukia kwenye DVD. Ilipouza vizuri, studio ikamrudia mwongozaji ili vile vipande virudishwe. Vingi havikupatikana. Anasimulia kwamba baadhi vilikuwa vimehifadhiwa kwenye mgodi wa chumvi huko Transylvania, Romania, na vilipofikiwa vilikuwa vimeshaharibika.

Kwa hiyo mashabiki wanabaki na ile video ya waliotangulia, sekunde chache zinazopita kwa kasi. Wanaisimamisha picha moja baada ya nyingine, wakitafuta kilichokatwa.