Biblia katika chumba cha futi kumi

Jumapili alasiri, ibada kubwa zikishamalizika, vichochoro vya Gatwekera na Laini Saba kule Kibera, Nairobi, huwa na ibada nyingine ndogo. Nyuma ya pazia la mlango, watu wanane au kumi wamebanana katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda kikiwa ndicho benchi, na mmoja wao anasoma Injili kwa sauti. Wakatoliki huita jambo hili jumuiya. Wenzao wa makanisa mengine husema ushirika, seli au baibo stadi. Gatina na Kabiria, upande wa Kawangware, mambo ni hayo hayo.

Desturi hii ina mizizi miwili mikubwa, na wa kwanza ulianzia mbali na Nairobi. Mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Waliketi na Biblia, wakafuatilia aya moja baada ya nyingine kuhusu Roho Mtakatifu. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ukapata moto wake hapo. Kufikia 1937 ujumbe wa uamsho ulikuwa umefika Kabete, mwendo mfupi tu kutoka Kawangware ya leo.

Wafuasi wa uamsho huo hawakuanzisha dhehebu. Walibaki Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, ila katikati ya wiki walikutana, wakaungama dhambi mbele ya wenzao na kutoa ushuhuda. Wakati wa vita vya Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na baadhi waliuawa kwa sababu hiyo. Urithi wao ni mkubwa. Lakini walituachia pia kasoro moja: mtu akishaanza kusimulia alivyookoka, aya iliyosomwa husahaulika.

Mzizi wa pili ni wa Kikatoliki. Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Dei Verbum, iliyowahimiza waumini wote wajisomee Maandiko. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao, AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, wakaamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo ziwe msingi wa Kanisa katika eneo hili. Uamuzi mzuri, ila nani angefundisha? Padri alikuwa mmoja na waumini maelfu, na katekista alikuwa amezoea katekisimu, swali na jibu lake.

Jawabu lilitoka Afrika Kusini, katika taasisi ya Lumko, ambako mapadri wenye asili ya Ujerumani, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, walikuwa wakiandaa vifaa vya walei. Njia yao ya hatua saba ndiyo inayofuatwa hadi leo. Kikundi humkaribisha Bwana kwa sala, kisha somo linasomwa. Kila mtu huchagua neno au kifungu kilichomgusa na kukitamka. Kimya hufuata, halafu kushirikishana, kisha kutafuta kazi ya kufanya mtaani, na mwisho sala za kila mmoja. Mama mboga aweza kuongoza kikao hicho bila cheti chochote, na hapo ndipo penye nguvu yake. Upungufu wake nao uko hapo hapo, maana hakuna hatua inayouliza Paulo aliwaandikia akina nani, au kwa nini Wasamaria walichukiwa.

Hata hivyo, vyumba hivi vina hazina ambayo vyuo vya theolojia vingeionea wivu: lugha. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilitoka 1952, ya Dholuo 1953, ya Kilogooli 1951. Kibera na Kawangware, wenye Biblia hizo huketi kitanda kimoja. Wakizilinganisha na kuulizana kwa nini hii inasema hivi na ile vile, wanasoma Maandiko kwa undani ambao mahubiri ya saa nzima hayaufikii.

Tatizo ni muda. Kwa miaka mingi jumuiya imebebeshwa mchango wa mazishi, bili ya hospitali, harambee ya ujenzi, hata barua ya kumwombea mtoto ubatizo. Yote ni mapendo, wala sisemi yaachwe. Lakini mara nyingi Injili husomwa mbiombio ili daftari la michango lifunguliwe.

Viongozi wa vikundi, daftari lingoje mwisho. Anzeni na Injili ya Marko, sura zake 16, mtangulie kuuliza iliandikiwa nani. Kwa sura moja kila wiki, mtaimaliza kabla ya miezi minne kutimia.