Dawa za Akili kwa Kinywa Kinachowaka

Maradhi ya kuwaka kinywa humfanya mtu ahisi ulimi, kaakaa au midomo inaungua kana kwamba amenywa chai ya moto, ilhali daktari akimchungulia haoni kidonda wala uvimbe. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Kwa kuwa jeraha halikuonekana, kwa miaka mingi maradhi haya yalihesabiwa kuwa ya wasiwasi au huzuni.

Dawa za akili zilianza kutumiwa kwa maumivu mapema. Mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini hutibu sonona, na mwaka 1960 madaktari wa Ufaransa wakaripoti kuwa hutuliza pia maumivu sugu. Amitriptilini ilipofuata, ilibainika kwamba dozi ndogo kuliko ya sonona hupunguza maumivu ya neva hata kwa asiye na sonona. Kasoro yake ni kukausha mate, na wengi wenye maradhi ya kuwaka kinywa hulalamikia ukavu wa kinywa tangu awali. Trazodoni, dawa nyingine ya sonona, ilipojaribiwa kwa maradhi haya nchini Finland katika miaka ya 1990, haikukishinda kidonge bandia.

Mafanikio zaidi yalitokana na klonazepamu, dawa ya kifafa na ya hofu. Mwaka 1998 Miriam Grushka wa Kanada na wenzake waliripoti nafuu kwa wagonjwa wengi waliomeza dozi ndogo. Mwaka huohuo Alain Woda na wenzake nchini Ufaransa walieleza njia ya kuitumia dawa hiyo kinywani tu. Mgonjwa humumunya kidonge cha miligramu 1, huyaweka mate penye maumivu kwa dakika 3 bila kumeza, kisha huyatema. Jaribio la wagonjwa 48 lililochapishwa mwaka 2004, wakifanya hivyo mara 3 kwa siku kwa siku 14, lilionyesha kwamba dawa ilituliza maumivu kuliko kidonge bandia.

Matokeo hayo yaliashiria kwamba kwa baadhi ya wagonjwa chanzo kimo katika neva za kinywani. Mwaka 2005 Giuseppe Lauria na wenzake, Italia, walichunguza kwa hadubini vipande vidogo vya ulimi wakakuta nyuzi nyembamba za neva zimepungua.

Siku hizi dawa hizi huandikwa pia na madaktari wa kinywa na wa neva. Klonazepamu huweza kuleta usingizi na utegemezi, kwa hiyo huanzwa kwa dozi ndogo na, inapoachwa, hupunguzwa taratibu.